Mkono Uliokamua

Agany alikuwa na lugha nzima mdomoni na hakuwa na mtu wa kuisema naye. Wanaosema njaa ni ya tumbo peke yake hawajakaa ugenini. Masika mazima kijana huyu alikaa juu ya kilima kile na njaa ya masikio, na hiyo haitulizwi kwa muhogo.

Hakuja kwa kupenda. Kikosi chake, vijana wa Kidinka watupu, kilipita hapo kikielekea mpakani kuchukua risasi, na malaria ikamwangusha palepale. Wakamwacha kwa walinzi wa kilima. Mayom, rafiki yake wa kufa na kuzikana, kaka wa yule Aluel ambaye Agany alikuwa amemposa, alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe akamwambia, "Pona. Tukirudi na mizigo tunakupitia, twende wote nyumbani. Na usinifie huku, nitamwambia nini dada yangu?" Kisha wakateremka bondeni na wimbo wao ukateremka nao.

Walinzi wa kilima walikuwa Wazande, watoto wa msitu wenye mbung'o, ambako ng'ombe hadumu na mtu hujivunia shamba lake la karanga. Hawakuwa watu wabaya. Wangekuwa wabaya ingekuwa nafuu, maana mtu mbaya unamchukia ukapata la kufanya mchana. Walimgawia chakula sawasawa, wakamjengea kibanda, na walipoona miguu yake imetokeza nje ya kibanda kwa urefu, wakacheka wakaongeza majani.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Rikita. Rikita alikuwa na mdomo usiolala. Walizungumza kwa kile Kiarabu cha jeshini, cha kuokota okota, kinachotosha kwa amri na matusi na si kwa mengine.

"Agany, eti kwenu mnaoga mkojo wa ng'ombe?"

"Nywele tu. Zinakuwa nyekundu, wasichana wanapenda."

"Wasichana wa kwenu hawana pua?"

"Wanazo. Ndiyo maana hawaolewi na watu wanaokula mchwa."

Hapo kilima kizima kilikuwa kikicheka, hata Sajenti Badagbu, mtu mfupi mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani. Halafu Rikita alikuwa akisimamisha vidole viwili kichwani, pembe hizo, akilia "Mooo!" mbele ya pua ya Agany, wakacheka tena. Lakini kicheko kikiisha walirudi kwenye Kizande chao, kama watu wanaoingia ndani wakafunga mlango, na Agany alibaki uani.

Basi alikuwa akienda nyuma ya jabali, huko anainua mikono yake mirefu juu ya kichwa, anaikunja kama pembe za Makuei, fahali wake mweusi mwenye kichwa cheupe, na kumwimbia. Fahali huyo Agany alipewa na baba yake baada ya kukatwa paji la uso, ndivyo kwao mvulana anavyokuwa mwanamume. Alilala chini alfajiri moja na Mayom na wenzao, kisu kikapita kwenye paji la kila mmoja mpaka kwenye mfupa, na hakuna aliyepepesa jicho. Makovu yale, mistari iliyolala kutoka sikio hadi sikio, ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo kilimani ambayo jeshi halikumpa.

Ng'ombe alikuja na mvua. Alitoroka na ndama wake kwenye kundi ambalo adui alikuwa akiliswaga kulisha ngome yake ng'ambo ya mto, akapanda kilima mwenyewe. Wazande wakatoa visu. Agany akasimama katikati.

"Afande, ana ndama. Ng'ombe wa hivi ni akiba. Niachieni mimi nimtunze."

"Akifa kwa mbung'o?"

"Nitamfukizia moshi. Akifa tutamla."

Sajenti akakubali, nusu kwa akili, nusu kwa huruma, maana alikuwa ameona jinsi kijana yule alivyomtazama mnyama. Na kweli alikuwa ng'ombe wa kwao, wa kuporwa. Agany alipompigia mluzi ule wa jioni wa kuita kundi, akageuza shingo. Toka siku hiyo Agany alikuwa na wa kuzungumza naye. Alimchomea samadi kavu jioni, alimpaka majivu mgongoni, akamsimulia habari zote alizozikosea msikilizaji: Aluel, mama yake, jinsi Mayom alivyoanguka mtoni akijivuna. Ndama alinyonya, akanona. Hakuna aliyegusa kiwele.

Kisha adui akawakumbuka, kama wazee wanavyosema. Makombora yalianza asubuhi moja wakati chai ya majani inachemka, na moja lilipasua mwamba kando ya Rikita. Jiwe likamvunja taya. Walimfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini kama maiti, na kwa mara ya kwanza kilima kikanyamaza. Ule mdomo wote waliokuwa wakiulalamikia, sasa kila mtu aliutamani.

Mvua zikazidi. Mto ukafunika kivuko, mizigo haikuja, unga ukaisha. Wenzake walichimba viazi vikuu vya porini vigumu kama mti, wakachemsha majani, wakakamata mchwa. Mwenye meno alitafuna. Rikita alinyweshwa maji ya majani kwa bua la jani la mpapai, akawa anakauka huku wanamwona.

"Kesho tunachinja ng'ombe," Sajenti akasema. "Apate mchuzi."

"Afande," Agany akasema, "nyama kwa mvua hii inaoza keshokutwa. Moto wenyewe wa kuikausha hauwaki. Na mto haujapungua. Mchuzi ukiisha, atakunywa nini?"

"Sasa wewe unasemaje?"

"Ana maziwa."

Neno lilimtoka, na papo hapo akajua amejifunga kamba mwenyewe.

"Ha! Basi kamua," Sajenti akasema.

"Sikamui."

"Hujui?"

"Najua."

"Sasa?"

"Kwetu hatukamui."

Wakacheka, lakini kicheko cha watu wenye njaa, kina meno. Kijana mmoja, Bazia, akasema, "Huyu! Usiku ng'ombe, mchana ng'ombe, hata ndotoni ng'ombe, halafu hawakamui! Nani anawakamulia, malaika?"

Angeweza kuwaeleza. Mtoto hukamua, msichana hukamua, mama hukamua. Mvulana naye hukamua mpaka alfajiri ile ya kisu. Paji likishakatwa, kiwele si chake tena mpaka anazikwa. Mwanamume anayechuchumaa chini ya ng'ombe amejirudisha utotoni mwenyewe, na wenzake humtungia wimbo, na kule kwao wimbo hufika kabla ya mtu. Atalala wapi? Atamwoa nani? Lakini aibu ukiieleza inakuwa mbili, na kile Kiarabu cha kuokota kisingetosha. Alinyamaza, wakadhani anaringa.

"Mimi nitakamua," Bazia akasema. "Mama yangu aliwahi kukamua mbuzi."

Agany akamwelekeza kwa mbali, mikono nyuma. Mlete ndama kwanza. Mwache anyonye kidogo. Sasa mtoe. Usivute kama unang'oa muhogo, bwana, bana! Bazia akavuta. Ng'ombe akamtupia teke la paja, Bazia akabingirika hadi kwenye handaki. Akajaribu mwingine, halafu Sajenti mwenyewe akiimba wimbo wa kanisani kwa upole wa ajabu. Ng'ombe akabana maziwa yake yote juu, hakutoa hata tone. Mnyama anajua mkono usiomjua.

Agany akaenda kumtazama Rikita. Alikuta macho yameingia ndani na mikono imekuwa vijiti. Rikita hakuweza kusema. Alimwona Agany ameinama mlangoni na urefu wake wote, akaukokota mkono juu, akasimamisha vidole viwili kichwani. Pembe.

Agany alicheka, kisha alilia. Huyu anakufa, na bado ananitania. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi sijui ningefanyaje. Yeye alikaa pale mpaka vidole vile vikaanguka vyenyewe.

Asubuhi alichukua kopo la risasi, akaliosha kwa majivu, akamfungua ndama.

"Geukeni," akawaambia walinzi.

"Tugeuke kwa nini?"

"Geukeni tu, jamani. Nawaomba."

Wakatazamana, wakageuka. Walidhani ni haya ya Kidinka, na mgeni huheshimiwa kwa haya zake. Agany akachuchumaa. Akabandika paji lake ubavuni mwa ng'ombe, makovu yake yote kwenye ngozi ile ya joto, na mikono ikakumbuka kazi ambayo yeye alikuwa ameshaizika. Tone la kwanza lililia ndani ya kopo. Ng'ombe alishusha maziwa kana kwamba alikuwa akimngoja. Hakuna kilichomuuma kama urahisi huo.

Rikita akanywa kwa bua. Kesho yake akanywa tena. Kila asubuhi kopo lilioshwa, walinzi waligeuka bila kuambiwa, na bua likapelekwa kibandani. Polepole macho yakapanda juu kutoka yalikozama. Taya likaunga, ingawa kombo, na siku moja Rikita akafungua kitambaa akatoa neno la kwanza, limepinda kama mdomo wenyewe: "Chumvi. Hamkutia chumvi, wachawi nyie." Kilima kizima kikashangilia. Hakuweza bado kutafuna, lakini kusema, aliyaanza yote aliyoyaacha.

Mto ulipopungua, wimbo ulipanda kutoka bondeni.

Agany aliusikia kabla ya wote. Aliacha bunduki yake jabalini, kosa la kuchapwa viboko, akakimbia kuteremka njia. Walikuwa wao! Waliinama chini ya magunia na masanduku, weusi kwa jasho, na Mayom mbele yao amevaa kofia ya mtu mwingine. Agany alianza kusema Kidinka na hakunyamaza. Aliyasema maneno ambayo hata hayakuwa na maana, alitaja majina ya miti, alitukana, ili tu asikie mtu akimjibu.

"Punguza, punguza," Mayom akacheka. "Umekuwa mto wewe? Umekonda. Wamekulisha nini, mchwa?"

"Na mchwa."

"Lo! Utatubu nyumbani. Nimeshasema na mkubwa wetu, kesho asubuhi unaondoka nasi. Kwa wapitao mpakani nimempelekea Aluel salamu zako, na yeye amezirudisha. Na Makuei, wanasema, amenona mpaka haoni kwato zake."

Kesho asubuhi. Agany alitembea juu ya maneno hayo mpaka kileleni.

Huko Mayom aliwaona ng'ombe na ndama wake, akapita mkono mgongoni mwa mnyama, kama afanyavyo yeyote wa kwao. "Wa kwetu huyu. Nani anamkamua?"

"Ndama ananyonya," Agany akasema. Haukuwa uongo wote. Mayom akaridhika.

Alasiri unga ulipikwa, ugali ukatosha mpaka mtu akaachia. Vijana wa pande mbili wakakaa pamoja uwanjani kati ya mahandaki, magunia yakiwa viti. Wadinka waliimba, Wazande wakaimba. Ndipo Rikita akasimama. Alikuwa amengoja siku hii. Mtu mwenye mdomo kama ule akiwa na shukrani tumboni, shukrani hiyo itatoka tu, liwalo na liwe.

"Ninyi warefu!" akaita kwa Kiarabu chake kilichopinda. "Mnamwona huyu ndugu yenu? Mimi nilikuwa nimekwenda. Nilikuwa nimeshamwona babu yangu, ameniwekea kigoda! Nani alinirudisha? Huyu! Kwa risasi? Hapana. Kwa hivi!" Akachuchumaa katikati ya uwanja, akajishikiza paji kwenye ubavu wa ng'ombe asiyekuwepo, akafumba macho, na mikono yake miwili ikakamua hewa, kushoto, kulia, kushoto. "Kila asubuhi! Mama yangu mzazi hakuninyonyesha hivyo!"

Wazande walipiga makofi. Upande wa Wadinka mtu mmoja huko nyuma alicheka puani, na kicheko kikapita kwa mwenzake.

Rikita akasimama polepole. Hakuwa mjinga. Akamsogelea Agany akamnong'oneza, "Nimesema nini? Nimeharibu?"

"Kwetu mwanamume aliyekatwa paji hakamui ng'ombe."

"Akikamua?"

"Si mwanamume."

Rikita alishika taya lake kana kwamba limevunjika upya. "Nitawaambia nilikuwa na homa. Mwenye homa anaona mengi. Nitasema alikamua Bazia."

"Bazia alipigwa teke."

"Wao wanajua? Agany, acha niseme. Neno moja tu."

Mayom alikuwa amekuja, amesimama mbele yao. Akauliza kwa Kidinka, kwa sauti ya chini, "Anasema kweli huyu?"

Nyumbani palikuwa karibu kiasi hicho. Aseme hapana, Rikita aseme homa, wote wacheke, na kesho asubuhi ateremke bonde na wenzake akiimba lugha yake. Alikitaka kitu hicho kwa mwili wote. Akamtazama Rikita, ambaye hakuelewa neno lakini alikuwa tayari mdomo wazi kuruka na uongo wake, ule mdomo kombo uliokunywa kwa bua. Lakini akisema hapana, maziwa yale yatakuwa kitu cha kufichwa, na huyu aliyeyanywa naye pia.

"Nilikamua," akasema. "Kila asubuhi. Na kesho nitakamua, huyu hajaweza kutafuna."

"Ulishindwa kuwafundisha?"

"Walishindwa."

"Ulishindwa kumwacha?"

Agany akafikiri. "Nilishindwa."

Mayom ndiye aliyelala kando yake alfajiri ile ya kisu, bega kwa bega, damu zao zikachanganyika mchangani. "Mimi nakuelewa," akasema. "Lakini mimi ni mmoja. Na Aluel ataimbiwa kisimani."

Agany aliingia kibandani akatoa lile blanketi, limekunjwa vizuri. Akamnyooshea.

"Kaa nalo," Mayom akasema. "Huku kuna baridi."

Ndivyo alivyoambiwa kwamba haendi. Mayom akarudi kwa wenzake, na jioni ile Wadinka walikula upande wao na Agany hakuitwa. Safari hii alikuwa uani kwa nyumba mbili.

Asubuhi walifunga mizigo mapema. Mmoja mmoja walimpita, wengine wakatazama pembeni, wengine wakamtazama sana. Mayom alimshika bega, akaachia. Walipoanza kuteremka, wimbo ulianza. Ulikuwa mpya, mtu alikuwa ameutunga alfajiri, na kila ubeti waliurudia ili ukae kichwani kwa safari ndefu. Ndani yake mlikuwa na jina la Makuei, fahali ambaye bwana wake amegeuka kuwa msichana wa kukamua.

Sauti ilikuwa nzuri. Waimbaji wa kwao hawana mpinzani, hata wanapomchinja mtu. Bazia alianza kupiga makofi kufuata mdundo, Sajenti akaitikia, mara kilima kizima kikawa kinapiga makofi kuwaaga wageni.

"Wimbo mtamu!" Sajenti akasema. "Wamekuachia zawadi, Agany. Nimesikia na jina la fahali wako."

Rikita peke yake hakupiga makofi. "Wanasemaje?" akauliza.

"Wanasema ng'ombe wetu ana maziwa mengi."

Rikita alimtazama usoni.

Agany alisikiliza mpaka bonde likaumeza wimbo na maneno yake yote, maneno ya mwisho ya Kidinka ambayo angeyasikia kwa muda ambao hakuujua. Akachukua kopo, akaliosha kwa majivu, akamfungua ndama. Safari hii hakumwambia mtu ageuke. Angependa, kwa kweli, abaki japo mmoja akimtazama, asiwe peke yake.

Lakini walinzi walipomwona anachuchumaa, waligeuka wote, kama walivyozoea, kwa heshima. Na Rikita naye akageuka.